Disney World au Universal: wapi ulipie kuruka foleni, wapi uache

Familia ya watu watano ikiingia Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney iliyoko Orlando, Florida, wiki ya Krismasi kwa tiketi za siku moja, imeshatoa zaidi ya dola 800 kabla mtoto hajapanda mchezo hata mmoja. Halafu programu ya simu inamuuliza baba kama angependa kuongeza dola nyingine kwa kila kichwa, ili foleni ya saa moja na nusu iwe ya robo saa. Mama anasema tumeshalipa, inatosha. Watoto wanamtazama baba. Uamuzi unaofanywa pale getini, jua likiwaka na watu wakisukumana nyuma, mara nyingi huwa mbaya, uwe umelipa au umekataa.

Kwa hiyo amua ukiwa nyumbani. Nitalinganisha njia zinazouzwa Orlando, kwa sababu ndiko ndugu wengi wanaoishi Marekani hupeleka watoto, na ndiko wageni wao kutoka Nairobi na Dar huomba kupelekwa. Walioko Ghuba nitawagusia mwishoni. Msimamo wangu niuseme mapema: Universal usinunue pasi ya kuruka foleni, nunua chumba cha hoteli. Disney ina bustani nne pale: lipia Magic Kingdom na pengine Hollywood Studios, mbili zilizobaki, Epcot na Animal Kingdom, uziache. Na kabla ya yote hayo amka mapema, maana saa ya kwanza ya asubuhi inafanya kazi ya pasi na hakuna anayekutoza.

Unanunua nini hasa

Kila mchezo una uwezo wake wa kubeba watu. Tuseme unabeba 1,500 kwa saa. Wakiwapo watu 1,500 mbele yako, utasubiri saa moja. Pasi haiongezi viti. Mchezo utabeba watu walewale 1,500, ila kinachobadilika ni nani anapanda sasa na nani anangoja. Mahali njia mbili zinapokutana, mfanyakazi hupitisha kundi zima la wenye pasi, huruhusu wachache wa foleni ya kawaida, kisha wenye pasi tena. Dakika unazookoa wewe zimetoka kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa kamba.

Hili linaniuma na sitalificha. Disney ilipoanzisha FastPass mwaka 1999, ilikuwa bure. Uliingiza tiketi yako kwenye mashine, ukapewa kikaratasi chenye saa ya kurudi, ukaenda zako kula. Mwenye nacho na asiye nacho walipata kikaratasi kilekile, na aliyewahi ndiye aliyechagua. Baadaye mfumo ukahamia kwenye simu na bangili za mkononi, bado bila malipo. Bustani zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020 ukasimama, na haukurudi tena. Oktoba 2021 ikaja Genie+ ya kulipia, dola 15 kwa siku. Julai 2024 ikabadilishwa jina ikawa Lightning Lane Multi Pass, na bei yake sasa hupanda na kushuka kufuata siku na bustani. Mwenye pesa si mwenzio, na pale penye kamba watoto wanaliona hilo kwa macho yao.

Mzazi anayekataa kulipa kwa sababu hiyo namheshimu sana. Ajue tu kwamba kukataa kwake hakutapunguza foleni, na kwamba atahitaji kuipanga siku yake vizuri kuliko yule anayelipa. Namna ya kuipanga nitaieleza.

Pima kwa bei ya saa

Watu hubishana kuhusu bei ya pasi. Mimi naona kinachofaa kupimwa ni bei ya saa moja unayoipata. Ukilipa kiingilio cha dola 160 na kukaa bustanini saa 10, kila saa imekugharimu dola 16. Sasa chukua pasi ya dola 30. Siku ya msongamano ikikuokolea saa mbili na nusu, umezinunua kwa dola 12 kila moja, nafuu kuliko zile ulizolipia getini. Siku tulivu bei huteremka, tuseme hadi dola 20, lakini ikikuokolea dakika 45 tu, saa moja imefika karibu dola 27. Pasi imekuwa rahisi, saa imekuwa ghali. Hapo ndipo wengi hunaswa: wanaona bei imeshuka, wananunua, kumbe siku yenyewe haikuihitaji.

Kisha zidisha kwa idadi yenu. Watu watano kwa dola 30 ni dola 150 kwa siku moja, karibu shilingi 19,000 za Kenya. Kwa sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi, hiyo ni karo ya mtu au dawa za mzee. Ndiyo maana siukubali ule ushauri wa kusema nunua tu kwa kuwa mko likizo.

Kuna kitu cha tatu cha kulinganisha ambacho watu hukisahau, nacho ni siku ya ziada. Tiketi za Disney za siku nyingi hushuka bei kwa kila siku unayoongeza. Siku ya kwanza ndiyo ghali, ya nne au ya tano huongeza kiasi kidogo tu. Kama mnalala kwa shangazi anayeishi Orlando au Tampa na hamlipi hoteli, mara nyingi ni afadhali kuongeza siku moja kuliko kulipia pasi siku tatu mfululizo. Mnakwenda taratibu, mnarudi kupumzika mchana, foleni mnazigawa. Lakini kama mgeni amepata viza baada ya kuhangaika, amesafiri safari ndefu, na ratiba yake ina siku moja tu ya Magic Kingdom, basi anunue bila kusita. Siku hiyo pengine haitarudi, na saa mbili zake zina thamani kuliko za mtu anayekaa Georgia na anaweza kuja tena mwakani.

Siku za msongamano zinajulikana: wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, Pasaka, likizo za shule za Machi, wiki ya Thanksgiving, na wikendi ndefu za Januari na Februari. Siku zenye nafuu ni za mwisho wa Agosti hadi Septemba shule zikishafunguliwa, majuma ya mwanzo ya Desemba, na mwisho wa Januari. Tena kuna siri moja ya Magic Kingdom inayonufaisha wengi: siku zenye tafrija ya jioni ya Halloween au Krismasi, wenye tiketi za kawaida hutolewa saa kumi na mbili jioni. Wageni wengi huziepuka siku hizo kwa kuwa hawatabaki kuona fataki, na hivyo mchana foleni huwa fupi. Mwenye watoto wadogo wanaolala saa mbili usiku hapotezi kitu.

Disney: bustani nne, majibu tofauti

Disney huuza kwa namna tatu. Multi Pass hukuwezesha kuchagua michezo mitatu mapema, kila mmoja na saa yake ya kuingia. Ukishatumia mmoja unaomba mwingine, na kuendelea hivyo siku nzima. Katika bustani tatu hauruhusiwi kuanza na michezo mikubwa mitupu: unachagua mmoja mkubwa na miwili ya kundi la pili. Single Pass hulipiwa mchezo mmojammoja, na ndimo walimoweka ile inayotafutwa kuliko yote. Ya tatu, Premier Pass, ilianza Oktoba 2024. Hiyo inakuingiza mara moja katika kila mchezo wenye Lightning Lane, yaani njia fupi ya wenye pasi, bila kupangiwa saa. Ilipoanza iliuzwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku, juu ya kiingilio. Familia ya watu wanne siku ya bei ya juu ingelipa karibu dola 1,800 kwa siku moja. Siioni sababu ya mtu wa kipato cha kawaida kuigusa, na sitairudia.

Mgeni wa hoteli za Disney huchagua saa zake siku saba kabla ya kufika, wengine siku tatu kabla. Uchaguzi hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Kama ndugu yako aliyeko Nairobi ndiye anayewapangia, kwake ni saa nane mchana majira ya joto ya Marekani na saa tisa majira ya baridi. Awe tayari kwenye simu, maana saa nzuri za michezo mikubwa huisha haraka.

Magic Kingdom, iliyofunguliwa Oktoba 1971, ndiyo bustani ambapo Multi Pass inalipa. Sababu ni idadi: michezo iliyomo kwenye pasi ni mingi kuliko bustani nyingine yoyote ya Disney pale, kwa hiyo kila ukitumia mmoja kuna mwingine wa kuomba. Peter Pan's Flight ni mfano mzuri. Safari yenyewe haifiki dakika tatu, inabeba watu wachache kwa saa, na foleni yake hubaki ndefu tangu asubuhi hadi usiku. Kusimama saa nzima kwa ajili ya dakika tatu ni adhabu kwa mtoto wa miaka minne na kwa aliyembeba. Jungle Cruise, Space Mountain na Tiana's Bayou Adventure, iliyofunguliwa Juni 2024, nazo zinafaa kuombewa nafasi. Mwenye bidii hapo anaweza kutumia pasi mara sita au saba kwa siku, ilimradi achague saa za mapema kwanza. Anayechagua mchezo wa saa kumi na moja jioni kama wa kwanza wake, amejifungia mlango siku nzima.

Hollywood Studios ni kesi ngumu zaidi. Michezo ni michache lakini foleni ni ndefu, na mingi ni ya watoto wakubwa. Slinky Dog Dash hujaza foleni dakika chache baada ya geti kufunguliwa. Siku ya msongamano Multi Pass inaweza kuwaokolea saa mbili hapo, siku ya kawaida ningeiacha. Star Wars: Rise of the Resistance iko kwenye Single Pass. Kama kuna mtu katika familia aliyekuja Florida kwa ajili ya Star Wars, mlipieni yeye peke yake. Hakuna sheria inayowalazimisha wote kununua, na jambo hilo linaokoa pesa nyingi kwa wanaolijua.

Epcot nisingelipa Multi Pass. Nusu ya bustani ni kutembea, kula na kutazama mabanda ya mataifa, na hayo hayana foleni ya kuruka. Guardians of the Galaxy: Cosmic Rewind ndiyo pekee ambayo ningeilipia Single Pass, na kwa wale wasiopata kizunguzungu.

Animal Kingdom usilipe. Sehemu ya bustani inajengwa upya na michezo iliyobaki ni michache. Avatar Flight of Passage ndiyo yenye foleni ya kutisha, na inatibika kwa kuwahi asubuhi au kuingia dakika chache kabla ya kufunga. Kilimanjaro Safaris nayo ni bora asubuhi hata kama foleni isingekuwepo, kwa sababu wanyama hawajalala kivulini. Pale ndipo utakapokutana na kijiji cha Harambe, chenye mabango ya Kiswahili na nyumba zilizobuniwa kwa kutazama miji ya pwani yetu, Lamu ikiwemo. Kaeni hapo. Wasomeeni watoto waliozaliwa ugenini yale mabango. Wengi wao hawajawahi kuona lugha ya bibi yao imeandikwa ukutani mahali ambapo watu wa mataifa yote wanapiga picha, na hakuna pasi inayouza hilo.

Universal: ghali zaidi, rahisi zaidi

Pasi ya Universal inaitwa Express, na tofauti yake na ya Disney ni kubwa kuliko bei. Huchagui saa. Huamki alfajiri kugombania nafasi. Unafika mlangoni kwa mchezo wakati wowote, unaonyesha pasi, unaingia njia fupi, kwa kawaida unangoja dakika 10 au 20. Ya kawaida inaruhusu mara moja kwa kila mchezo. Express Unlimited inaruhusu urudie upendavyo. Kwa mtu anayechukia kuinamia simu likizo yote, hii ni raha. Pasi ya Disney humfanya mzazi mmoja awe karani wa familia: anahesabu dakika, anaomba nafasi, anawakimbiza wenzake kutoka upande huu kwenda ule.

Lakini bei yake ni mara kadhaa ya Multi Pass, na sikukuu hupaa. Hapo ndipo hoteli inapoingia. Universal ina hoteli tatu, Loews Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Loews Royal Pacific, ambazo humpa kila mgeni wa chumba Express Unlimited bila malipo ya ziada kwa Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Inahesabika tangu siku ya kuingia hadi siku ya kutoka. Ukilala usiku mmoja, umepata siku mbili. Siku ya kwanza unafika hotelini asubuhi, unaandikishwa, unachukua pasi zenu na kwenda bustanini hata kama chumba hakijawa tayari.

Tufanye hesabu. Tuseme chumba ni dola 500 pamoja na kodi, na Express Unlimited siku hiyo ni dola 150 kwa mtu. Familia ya watu wanne kwa siku mbili ingelipa dola 1,200 kwa pasi peke yake, na bado ingehitaji pa kulala. Kwa dola 500 wamepata pasi na vitanda, na wanaweza kwenda bustanini kwa miguu au kwa boti. Kwa wanne au watano hakuna ununuzi bora kuliko huo Orlando nzima. Kwa mtu mmoja hesabu inageuka: pasi mbili ni dola 300, chumba ni 500, basi alale pa bei nafuu na anunue pasi ya siku moja, au asinunue kabisa na atumie foleni ya wanaopanda mmojammoja.

Foleni hiyo ya mtu mmojammoja Universal wanayo katika michezo mingi. Wanaitumia kujaza viti vinavyobaki wazi makundi yanapogawanyika. Haina malipo na mara nyingi ni nusu ya foleni ya kawaida au chini ya hapo. Vijana wa miaka 15 hawana haja ya kukaa kiti kimoja na wazazi wao, waacheni waitumie. Disney wanayo katika michezo michache, Expedition Everest ukiwa mmojawapo.

Tahadhari moja kubwa: Epic Universe, bustani mpya ya Universal iliyofunguliwa tarehe 22 Mei 2025, haimo katika zawadi ya hoteli. Ina tiketi yake na Express yake ya kununua. Tena soma orodha kabla hujalipa, kwa sababu kuwepo kwa Express bustanini hakumaanishi kila mchezo unaikubali. Watu wamejikuta wamelipa pesa nyingi, na mchezo waliokuja kuupanda ndio usiokuwemo.

Nani kati yenu atapanda?

Swali hili linaamua mambo kuliko bei, na lijibiwe kwa futi ya fundi cherehani kabla hamjaondoka nyumbani. Cosmic Rewind inataka urefu wa sentimita 107, Flight of Passage 112, TRON ya Magic Kingdom 122, VelociCoaster ya Islands of Adventure 130. Mpimeni kila mtoto akiwa amevaa viatu vyake vya safari. Mtoto wa sentimita 95 hatapanda yoyote kati ya hiyo, na kumlipia pasi ya michezo hiyo ni pesa iliyotupwa. Multi Pass ya mtoto wa miaka 3 bei yake ni sawa na ya mtu mzima. Chini ya umri huo haihitajiki, kama kiingilio chenyewe.

Mkiwa na mtoto mchanga, msidhani mzazi mmoja lazima akose. Disney na Universal wote wana utaratibu wa kupokezana: baba anapanda na wakubwa, mama anabaki na mdogo, kisha mama anapanda bila kuanza foleni upya. Ni bure. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kabla ya kuingia kwenye foleni, maana akishapita baba bila kuandikishwa, nafasi imepotea. Kwa wazazi wawili wenye mtoto mmoja asiyefikia urefu, huduma hiyo pekee huondoa nusu ya sababu ya kununua pasi.

Mwenye mtoto mwenye usonji, au mtu wa familia ambaye kwa sababu ya ulemavu wa aina hiyo hawezi kuvumilia kusimama kwenye foleni muda mrefu, aombe huduma ya Disney iitwayo DAS. Huombwa kabla ya safari kwa mazungumzo ya video, haina malipo, na anayekubaliwa hupangiwa saa ya kurudi badala ya kusimama. Masharti yalikazwa mwaka 2024, kwa hiyo baadhi hukataliwa. Hata hivyo ulizeni kwanza, pasi mnunue baadaye. Universal nao wana huduma yao. Wapo wazazi wetu wengi wanaoona haya kulitaja jambo hili mbele ya watu wasiowajua, wanaishia kulipa mamia ya dola au kumrudisha mtoto hotelini analia. Hakuna aibu hapo. Huduma iliwekwa kwa ajili ya mtoto huyo.

Kuhusu bibi na babu, nisahihishe jambo linalosemwa sana: kiti cha magurudumu hakikupitishi mbele. Foleni nyingi za Disney zimetanuliwa ili kiti kipite, na mwenye kiti husubiri na wenzake. Kikodini kwa sababu ya miguu yake, maana siku nzima ni mwendo mrefu. Bibi asiyependa michezo ya kasi mtafutieni maonyesho yenye viti na kiyoyozi, wala msimnunulie pasi.

Halafu kuna mvua. Juni hadi Septemba, Florida hupata radi na mvua nyingi za alasiri, na michezo ya nje husimamishwa. Multi Pass ikikutwa na mchezo uliosimama, kwa kawaida hugeuzwa nafasi ya kutumia baadaye, hata kwenye mchezo mwingine kati ya iliyoorodheshwa. Pasi zenyewe hazirudishiwi pesa. Miezi hiyo, michezo ya nje fanyeni asubuhi, ya ndani muiweke alasiri.

Kwa atakayeamua kutolipa

Kama bustani inafunguliwa saa tatu asubuhi, muwe getini saa mbili na robo, mmeshakunywa chai, mmeshakwenda msalani. Wageni wa hoteli zote za Disney huingia dakika 30 kabla ya wengine, na hoteli za bei ya chini zimo. Nendeni moja kwa moja kwenye mchezo wenye foleni mbaya kuliko yote, kisha wa pili, kisha wa tatu. Msisimame kupiga picha mbele ya kasri. Kasri litakuwepo jioni. Mpaka saa tano asubuhi mtakuwa mmepanda mitatu au minne ambayo aliyefika saa nne atailipia au atailalamikia. Saa tano hadi saa kumi, jua na watu wakiwa wamekolea, kaeni kwenye maonyesho, mle chakula, au mrudi mkalale. Rudini jioni. Ukishaingia kwenye foleni ya Disney kabla ya dakika ya kufunga, utapanda, hata kama bustani imefungwa nyuma yako, na foleni za saa ya mwisho ni fupi kuliko za mchana.

Mpango huu unafanya kazi kwa familia inayoweza kuamka. Yenye vijana wanaolala hadi saa nne ijipime kwa ukweli. Ila kwa mgeni aliyetua jana kutoka Nairobi mambo ni kinyume: tofauti ya saa humwamsha saa tisa usiku mwenyewe, kwa hiyo siku zake za kwanza ndizo bora za kuwahi geti bila kulipa.

Walioko Ghuba

Ndugu wa Muscat, Dubai na Doha huwa wanauliza kuhusu Yas Island ya Abu Dhabi, yenye Ferrari World tangu 2010 na Warner Bros. World tangu 2018. Hesabu ya bei ya saa ni ileile, ila mazingira yanawapendelea. Sehemu kubwa ya bustani hizo iko ndani yenye kiyoyozi, kwa hiyo kusubiri hakuambatani na jua. Tangu Januari 2022 wikendi ya Emirati ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Nendeni Jumanne au Jumatano, nje ya sikukuu za Idi, likizo za shule na siku ya taifa ya tarehe 2 Desemba. Siku kama hiyo msinunue pasi ya haraka mkiwa nyumbani. Ingieni, tazameni foleni ya Formula Rossa ya Ferrari World, ile treni ya kilomita 240 kwa saa, kisha muulizie pasi pale pale ikiwa foleni inazidi nusu saa. Mkilazimika kwenda Jumamosi ya Idi na watoto wanne, nunueni kabla ya kufika.